Mlango wa Nyuma wa Zahanati ya Kwamhina

Zahanati ya kijiji chetu ina milango miwili, na mgeni akiuliza mlango wa nyuma ni wa nini, huambiwa ni kwa ajili ya hewa. Hayo ndiyo maelezo aliyoyatoa mwenyekiti Aminieli mbele ya mkutano wa kijiji, na kwa kuwa mwenyekiti amekwisha kufa bila kuifuta kauli yake, hewa imebaki kuwa hewa. Kwamhina iko juu, ukishaipita Chome bado unapanda, mahali ambapo ukungu unaingia mpaka jikoni na shuka inaning'inia kambani siku nzima bila kukauka. Kama kuna kitu ambacho hatujawahi kupungukiwa nacho, ni hewa.

Mimi naitwa Mwanaasha. Kwetu ni Wasabato tangu babu yangu alipobatizwa, na siku ya kunibariki mchungaji alimwuliza mama yangu, Rahabu, kama ana uhakika na jina hilo. Mama alimjibu kwamba kama kanisa halina nafasi ya jina hilo, basi atarudi na mtoto wake nyumbani akambariki mwenyewe. Mchungaji alimjua mama, akanibariki haraka. Habari ninazozieleza hapa ni za mwanamke niliyepewa jina lake. Nimezipata kwa mama, na nyingine kwake mwenyewe nilipokuwa mtu mzima, nilipomtembelea Mwanga.

Wakati wa vijiji vya ujamaa, sisi wa milimani hatukuhamishwa. Tuliambiwa tu kwamba kuanzia sasa tulipo ni kijiji, tuchague mwenyekiti na kamati, tukachagua. Kisha wakubwa wa wilaya wakapanda kutoka Same na ahadi: serikali italeta bati, saruji, dawa na nesi, na kijiji kitatoa kiwanja, mawe na nguvu zake. Watu walishangilia mpaka wengine wakalia. Mpaka wakati huo mgonjwa wetu alishushwa kwa machela, wanaume wakipokezana mabega kwenye utelezi, na si mara moja waliteremka na mgonjwa wakafika chini na maiti.

Kamati ya kuchagua kiwanja ilikuwa ya wanaume watupu. Wakatafuta, wakapata mahali pazuri mno, tambarare, hapana mgomba hata mmoja, hapana mwenyewe wa kugombana naye. Milimani kwetu watu wanalima mpaka kwenye kingo za miamba, ndugu wanapelekana barazani kwa ajili ya kipande cha ardhi cha kulaza mbuzi. Mtu yeyote angejiuliza tambarare ile imebakije tupu. Wao walishukuru tu, wakapiga pembe ya msaragambo, kijiji kizima kikatoka kwenda kufanya kazi ya pamoja, kama ilivyo desturi yetu tangu zamani.

Ilibaki tupu kwa sababu ya mshitu. Mshitu ni msitu mdogo wa miti mikubwa ambamo wavulana wa zamani waliingizwa kufundwa uanaume. Mwanamke hauingii, hapiti njia inayoukata, wala hautaji kwa mdomo wake, na mwanamume naye haongei habari zake mbele ya mwanamke. Njia pekee ya kwenda kwenye tambarare ile ilipita katikati ya miti hiyo. Lakini dini ilikwisha kuja, wavulana wanatahiriwa hospitali, na wanaume walikuwa wamezoea kukatiza pale wakienda mashambani. Kwao ile ilikuwa imegeuka kuwa miti tu. Kwa wanawake haikuwa imegeuka kuwa chochote. Basi waliosahau hawakuwa na sababu ya kukumbuka, na waliokumbuka hawakuwa na ruhusa ya kusema, na hivyo ndivyo wanaume wetu werevu walivyojenga nyumba ya kuzalia mahali asipofika mwanamke.

Wakati wa ujenzi wanawake walibeba mawe vichwani mpaka ukingoni mwa miti, wakayatua hapo, wakageuka. Wanaume ikabidi wayabebe wenyewe mpaka kwenye msingi. Jioni walikaa wakisikitika kwamba wanawake wa siku hizi ni wavivu.

Mwanaasha alifika majira ya vuli, akifuatana na wanaume wawili waliobeba sanduku la dawa na mizani ya watoto. Kwao ni Makanya, kule chini kwenye vumbi na mkonge. Baba yake, Yahaya, alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, akaoa hapo hapo, na mtoto wake akawa wa kwanza katika kambi nzima kusomea uuguzi. Alikuwa msichana mrefu, mwenye kucheka, na tangu atoke kwenye barabara kuu alikuwa akicheka kwa baridi. Mama yangu na wenzake walikuwa shambani wakipalilia maharage walipomwona. Aliwapungia mkono. Kisha akaingia kwenye miti ile huku anaimba, akatokea upande wa pili. Mama anasema majembe yote yalisimama.

Na hakuishia hapo, maskini. Kesho yake aliona mshitu umejaa kuni kavu, akashangaa watu gani hawa wanaosumbuka kwenda mbali kutafuta kuni na hizi zimelala hapa. Akaokota mzigo, akapikia. Akafanya hivyo kila alipohitaji kuni.

Wanaume wakaanza kuja, mwenye kikohozi, mwenye kidonda, mwenye kujikata panga. Wanawake hawakuja. Alipotangaza siku ya kupima watoto, wakaja kina baba, kila mmoja na mtoto mgongoni amefungwa kanga kama gunia la viazi. Nesi akawauliza mtoto anakula nini, wanatazamana. Ananyonya mara ngapi, hawajui. Mama yake yuko wapi? Yuko shambani. Na mama wa huyu mwingine? Naye yuko shambani. Siku hiyo alicheka sana, akaenda kulala akiwa na furaha, akidhani ni mwanzo tu.

Haikuwa mwanzo. Ilikuwa hivyo mwezi baada ya mwezi. Wanawake walijifungulia majumbani mikononi mwa Bibi Asnath, mkunga wetu wa siku zote, ambaye mikono yake ilikuwa mizuri lakini hakuwa na sindano. Mke wa Daudi alitokwa na damu baada ya kujifungua, akafa kitandani kwake kabla hawajamaliza kufunga machela. Dawa ya kuzuia damu ilikuwa kabatini kwa nesi, ng'ambo ya miti. Mwanaasha aliletewa habari wakati kaburi limekwisha kuchimbwa. Alienda mazikoni akasimama peke yake, maana popote aliposimama, wanawake walijisogeza kidogo, kwa adabu, kama wanaompisha.

Hilo la kupishwa ndilo lililomwumiza kuliko kutukanwa. Alipita nyumba kwa nyumba. Walimpa kigoda, walimpa salamu za kutosha, walimwuliza habari za Makanya. Hakuna aliyemwambia lolote baya. Sikukuu ya Idi alipika pilau akapeleka kwa majirani sahani moja moja, kama alivyolelewa. Jioni sahani zikarudi zimeoshwa, zinang'aa, tupu. Chini kwao na huku kwetu pia, sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama ni kwa limau moja. Alikaa na zile sahani mapajani, akajua kwamba kuna jambo, na kwamba hakuna wa kumwambia.

Jumamosi zilikuwa mbaya zaidi. Kijiji kizima kilishuka kanisani, moshi ukakoma kwenye paa, hata mbwa walikuwa kama wamefunga. Nyimbo zilimfikia kutoka bondeni vipande vipande, upepo ukizileta na kuzichukua. Aliniambia kwamba siku hizo alikuwa akiongea na mizani. Anaitingisha, anaiuliza, "Na wewe leo mgonjwa wako nani?" Nikacheka. Yeye hakucheka, akasema, "Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, mwanangu. Nililia mpaka nikajiona mjinga."

Kisha akaja mkubwa wake kutoka wilayani kukagua, akakuta kitanda cha kuzalia hakijawahi kulaliwa. Akamwambia bila ukali kwamba kuna vijiji vinavyolilia nesi, na kama akina mama wa Kwamhina hawamtaki, baada ya masika atapelekwa kwingine. Mwingine angefungasha siku ile ile. Yeye alimwona mke wa Daudi kila alipofungua kabati. Alijua kwamba akiondoka hataletwa mwingine, na wanawake wale wataendelea kufa na dawa iko chini ya bati wanaloliona kwa macho yao.

Masika ndiyo yakaleta zamu ya mama yangu. Alianza uchungu jioni, akakesha nao, kufika mchana mtoto hajatoka, na Bibi Asnath akanawa mikono akamwambia baba yangu, "Kamwite yule msichana. Hapa mimi nimefika mwisho." Watu wanaomfahamu Bibi Asnath wanajua maneno hayo yalimgharimu nini.

Mwanaasha alikuja mbio na matope mpaka magotini. Akampima mama, akaona mtoto amekaa vibaya, akataka apelekwe zahanati kwenye kitanda na sindano. Akamtia moyo, akamwambia, "Dada, ni hapo tu, hatufiki hata Same." Mama alikuwa hana nguvu ya kujibu. Wakampakia kwenye machela, wanaume wakainua, mwenyekiti Aminieli mbele akisafisha njia, wanawake nyuma, mvua ndogo inanyesha.

Walipofika ukingoni mwa miti, mama alinyoosha mkono akashika mbuni ulioota kando ya njia, akaung'ang'ania. Machela ikayumba, nusura aanguke. "Nitueni!" akapiga kelele. "Nitueni hapa hapa!"

"Rahabu, acha upuuzi, tumefika," Aminieli akasema.

"Nitueni, baba! Afadhali nife hapa!"

Mwanaasha alidhani ni uchungu unaomsemesha, akageuka kuomba wanawake wenzake wasaidie kumbembeleza. Akaona wote walikwisha kusimama, mbali kidogo, wamejipanga kama waliozuiwa na kamba, na nyuso zao wamezielekeza bondeni. Bibi Asnath pia. Akamtazama mwenyekiti. Aminieli alikuwa ameinua macho kwenye matawi, mdomo wazi, na mama anasema uso wake ulibadilika rangi, kama mtu aliyekumbuka ameacha moto unawaka ndani ya nyumba. Akafunga mdomo wake. Akawaambia wanaume, "Tueni."

Nilizaliwa hapo, juu ya kanga mbili na koti la mwenyekiti. Mwanaasha alinigeuza kwa mikono yake huku amepiga magoti kwenye majani, na nilipotoka, damu ya mama ikaanza kwenda kama ilivyokwenda ya mke wa Daudi. Dawa ilikuwa ng'ambo. Alikunja gauni lake akakimbia kupita katikati ya mshitu, akarudi kupita katikati ya mshitu, na wanawake wote wakimtazama, na hakuna aliyegeuza uso safari hii. Akampiga mama sindano. Damu ikapungua, ikakoma. Wakamrudisha mama nyumbani alikotoka, maana mbele hakuna aliyethubutu kumpeleka.

Kesho yake Mwanaasha alimwendea Bibi Asnath, akamkuta uani anapepeta maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

"Bibi, jana mlisimama wote mahali pamoja."

Ungo ukaendelea.

"Sikuulizi kwa nini, bibi. Nitasema ninavyofikiri, wewe fanya kazi yako. Nikikosea nifukuze." Akangoja. "Ni ile miti."

Ungo ukaendelea, polepole.

"Mwanamke hapiti pale."

Ungo ukasimama.

"Na mimi ninapita kila siku." Bibi Asnath akainua macho akamtazama kama anavyotazamwa mfiwa. Mwanaasha akaendelea. "Na kuni ninaokota humo humo."

Bibi akajiziba mdomo kwa kiganja. Mwanaasha aliniambia kwamba nusura acheke, na nusura alie, na hakufanya lolote kati ya hayo. Alijua sasa zile sahani zilirudi tupu kwa nini. Alikuwa amewapelekea wanawake wa watu pilau iliyopikwa kwa kuni za mshitu.

"Bibi," akasema, "wangependa kupita wapi?"

Hilo lilikuwa swali linaloruhusiwa. Bibi Asnath akainuka, akamwonyesha kwa kidevu mteremko ulio nyuma ya zahanati, mkali, umejaa magugu, unaoshuka mpaka kwenye mfereji unaotoka ndivani, kule kwenye bwawa letu la kumwagilia. "Pale ni pabaya, mwanangu. Panateleza. Lakini ni pa Mungu tu."

Msaragambo wa wanaume huitwa kwa pembe. Ule wa wanawake haukuitwa kwa pembe. Uliitwa kisimani, sikio kwa sikio, na asubuhi moja wanaume waliamka wakakuta wake zao wako kwenye mteremko na majembe, wanachonga ngazi kwenye udongo, wanapanga mawe, wamejifunga vibwebwe. Hakuna mwanamume aliyeuliza. Ni ajabu jinsi kijiji kizima cha wanaume kinavyoweza kupoteza macho kwa wiki nzima. Ila njia iliishia kwenye ukuta, kwa kuwa mlango ulikuwa mbele, unautazama mshitu. Ndipo mwenyekiti Aminieli alipoitisha mkutano, akakohoa, akasema ameichunguza zahanati na kuona haina hewa.

"Mwenyekiti, madirisha si yapo?" mtu mmoja akauliza, mgumu wa kuelewa.

"Hayatoshi," Aminieli akasema. "Itobolewe kwa nyuma."

Wanawake wote wakainamisha vichwa. Mikono ikanyooshwa, zahanati ikatobolewa.

Siku ya mwisho, njia imekwisha, Bibi Asnath alikuja akasimama nje ya mlango mpya. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Kwamhina kufika pale. Alikagua kizingiti, akakagua kitanda kwa mbali, akaridhika. Kisha akasema, "Tutakuja, mwanangu. Wote watakuja, nimeongea nao. Lakini njia hii wewe usiipite."

Mwanaasha hakuelewa.

"Wewe ulikwisha kupita kule. Ukipita na huku, njia zote zitakuwa moja. Watarudi majumbani."

"Hakuna namna ya kunitakasa, bibi? Hata kwa dawa zenu?"

"Zamani walikuwapo wazee wa kazi hiyo. Wengine wamekufa, wengine wamebatizwa."

Nilipokuwa msichana niliona jambo hili ni ukatili, nikamwambia mama hivyo, na sijabadili mawazo. Mama alinijibu kwamba waliogopa, na mtu mwenye mimba haambiwi asiogope. Mwanaasha yeye hakubishana. Alisimama kwenye kizingiti akautazama mteremko uliochongwa vizuri, mfereji unaometa chini, na moshi wa nyumba za watu aliotaka kuwa mmoja wao. Akasema, "Mkija, siipiti."

Wakaja. Mke wa mwenyekiti, wake wa wajumbe, hata wale wa vitongoji vya mbali, wakipanda polepole na matumbo yao. Desturi ikazaliwa: mwanamke hapandi mikono mitupu. Mfereji uko chini ya njia asiyoruhusiwa kuikanyaga nesi, basi kila anayekuja humletea maji, humtulia debe kizingitini. Na kuni pia, za msitu mwingine. Wakifika nyuma ya ukuta husimama na kuita, "Nesi, upo?" Naye hujibu, "Nipo!" Ndipo wanapoingia. Sahani zikaanza kurudi na kitu, mara makande, mara ndizi. Mkaguzi alipokuja baada ya masika akakuta kitanda kimelaliwa na mwingine anasubiri kwenye benchi, akaandika aliyoyaandika, na Mwanaasha akabaki.

Alibaki miaka mingi. Alituzalisha karibu wote wa rika langu, akatuchanja, akatukaripia. Lakini kuna jambo dogo ambalo mama aliliona na mimi sikuliona mpaka nilipoambiwa. Kwetu mgeni husindikizwa. Unatoka naye, mnatembea mnaongea, unamfikisha angalau kwenye kona. Mwanaasha alimzalisha mtu, akakesha naye, wakasimuliana mambo ambayo mtu hamwambii dada yake, kisha asubuhi akamsindikiza mpaka kwenye kizingiti. Mgonjwa akashuka na mtoto wake. Yeye akabaki mlangoni, akiwatazama mpaka wanapoingia kwenye migomba. Alizijua nyumba zetu, ila akitaka kuja kwetu ilimlazimu azunguke mbele, kupitia mshitu, na akifika hapo wenye mimba husogea tena, kidogo, kwa adabu. Akapunguza kuja. Mwisho akawa haji.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja wa Same, Mbaraka, aliyemtaka uchumba. Alipanda mara moja na barakashia nyeupe, akafika imelowa, akaketi mbele ya moto akitetemeka, akamwomba washuke wakaoane. Mwanaasha alimwambia asubiri aletwe nesi mwingine. Mbaraka alikuwa mtu mwema, alisubiri. Hakuletwa mwingine. Halafu ikasikika ameoa Hedaru. Wanawake wetu wakanong'ona kwamba nesi hana mtoto kwa sababu ya ile miti. Hana mtoto kwa sababu hana mume, jambo ambalo hata sisi Wasabato tunalielewa.

Mwisho serikali ilimhamishia Mwanga, na nesi mwingine akaja. Safari hii wanawake walimsubiri njia panda, wakamshika mkono, wakampitisha kwenye mteremko tangu siku ya kwanza. Alidhani ndiyo njia pekee.

Asubuhi ya kuondoka kwa Mwanaasha, wanawake walikusanyika mlango wa nyuma, uwanja ukajaa mpaka wengine wakasimama kwenye ngazi. Mama yangu alikuwa mbele pamoja na Bibi Asnath, aliyekuwa amezeeka anashikwa mkono. Wanaume walikwisha kutangulia na sanduku.

"Nesi, upo?"

"Nipo."

Bibi Asnath akanyoosha mkono juu ya kizingiti. "Leo pita na sisi, mwanangu. Tumekubaliana. Tukusindikize."

Mama anasema Mwanaasha aliuinua mguu. Kweli kabisa, aliuinua, kiatu kikawa juu ya kizingiti. Kisha akaangalia nyuma yao, kwenye ngazi, ambapo alikuwa amesimama mke wa mtoto wa Daudi, msichana, mimba yake ya kwanza, amejibana kwenye ukingo wa njia na mikono ameiweka tumboni. Akaurudisha mguu.

"Bibi, mimi naondoka," akasema. "Huyu anabaki. Nikipita leo, mwezi ujao ataogopa kuja."

Hakuna aliyebisha, kwa sababu walijua ni kweli. Akafunga mlango wa nyuma kwa ndani, akatoka wa mbele.

Njia mbili zile zinateremka pamoja, ya mbele ndani ya mshitu na ya nyuma nje yake, na hukutana chini kwenye kijito. Wanawake waliamua kumsindikiza hivyo hivyo, wao kwa upande wao na yeye kwa wake. Kila baada ya hatua kadhaa mmoja aliita, "Upo?" Na kutoka kwenye miti sauti yake ikajibu, "Nipo!" Wakacheka, wengine wakalia, wakaita tena. Walipofika mahali miti ilipo minene zaidi, mama aliita, na hakikusikika kitu. Akaita tena. Wote wakaita pamoja, wakanyamaza wasikilize, wakasikia matone yakidondoka tu. Bibi Asnath akaanza kusali kwa sauti. Wakateremka mbio, wazee kwa vijana, mpaka kijitoni.

Walimkuta amekwisha kufika, ameketi juu ya jiwe, kanga usoni, analia kama mtoto mdogo. Mama akamkumbatia, akamtikisa mabega, akamwuliza kwa hasira ya mtu aliyetishika, "Mbona uliacha kuitika?"

"Niliitika," Mwanaasha akasema. "Kila mlipoita niliitika. Hamkusikia."

Wakakaa naye pale mpaka wanaume walipokuja kusema gari linangoja. Mama alimpa sahani yake ya Idi iliyokuwa imebaki kwetu, ameijaza makande, ameifunika kwa jani la mgomba. Mwanaasha akashuka nayo.